Samaki Mmoja Akioza: Juu ya Kuchagua Watu wa Kuwauliza

Miongoni mwa methali za mwanzo anazokaririshwa mwanafunzi wa Kiswahili ni hii: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Bila shaka umeiandika katika daftari lako, na huenda umewahi kuitungia insha. Inafaa sana kumwonya kijana juu ya marafiki wabaya, nami sina ugomvi nayo kwa kazi hiyo. Hata hivyo, hebu itazame leo kwa jicho la mtafiti. Mtu ameingia sokoni, akafunua tenga la ngege, akamnusa mmoja aliye juu kabisa, na papo hapo akalihukumu tenga zima. Je, huyo wa juu hakupigwa na jua kuliko wenzake wa chini? Tena mchuuzi mjanja hufanya kinyume: wazima huwapanga juu wakang'aa, walioanza kunuka akawazika chini, na mnunuzi anayetazama juu juu hurudi nyumbani na hasara. Katika hali zote mbili kosa ni lilelile. Samaki aliyechunguzwa hakupatikana kwa njia iliyowapa samaki wote nafasi ya kuchunguzwa.

Sasa mlinganishe mnunuzi huyo na mpishi wa shughuli. Sufuria lake laweza kulisha watu mia tatu, lakini haonji kwa bakuli. Hukoroga hadi chini, huchota kijiko kimoja, huonja, kisha huamua kama chumvi imekolea. Kijiko hichohicho humtosha nyumbani anapompikia mumewe na watoto wawili. Zingatia mambo mawili hapo, kwa maana yatatufuata hadi mwisho: anakoroga kwanza, na kijiko hakikui kwa sababu sufuria limekua. Kile kijiko watafiti hukiita sampuli. Sufuria zima ni jamii lengwa, yaani wote tunaotaka kusema neno juu yao. Na kule kukoroga ndiko uteuzi nasibu, ambapo kila mmoja katika jamii lengwa ana nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa, bila kutegemea sura yake, cheo chake, wala urahisi wa kumfikia.

Nasibu, kama ujuavyo, ni neno la Kiarabu lililozoea kukaa pamoja na bahati. Bahati nasibu ni mchezo wa kubahatisha. Lakini neno linalonivutia zaidi ni kura. Wazee walipogawana nyama au mashamba walipiga kura, maana yake walichanganya vijiti au vikaratasi, bahati ikaamua. Leo tunapomchagua mbunge tunapiga kura vilevile. Neno moja limebeba haki mbili: haki ya kuchagua, na haki ya kuwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Ya kwanza hufundishwa katika kila somo la uraia. Ya pili ndiyo ninayokuandikia, kwani serikali na mashirika huamua mambo mengi yanayokuhusu kwa kuwauliza watu wachache, na wewe ama umo katika mfuko wa kura au humo.

Mimi hufundisha katika wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda. Anayeifahamu ramani atakumbuka kwamba wilaya hii inapanda hadi kwenye milima ya Rwenzori na kushuka hadi Ziwa Edward na Ziwa George, na upande wa magharibi inapakana na Kongo. Milimani husikika Lukonzo. Katika mji, kwenye mashamba ya tambarare na penye kambi za wavuvi utasikia lugha kadhaa. Katika mpaka wa Mpondwe, wafanyabiashara wa nchi mbili huelewana kwa Kiswahili, ambacho mlimani watu wengi hukijua kama lugha ya askari. Mwaka 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi, nasi walimu wake tulishangilia. Lakini kutangazwa ni jambo moja, kueleweka ni jingine.

Na hapa kwetu, kueleweka kwaweza kuwa uhai. Mto Nyamwamba ulifurika mwaka 2013, ukafurika tena 2014, na 2020 ukarudi kwa ghadhabu ukabomoa nyumba na kuharibu hospitali ya Kilembe. Mwezi Juni 2019 ugonjwa wa Ebola ulivuka mpaka kutoka Kongo ukaingia wilayani mwetu. Katika misiba ya namna hiyo tangazo huandikwa, redio hulisoma, mabango hubandikwa. Kwa lugha ipi? Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 huwataka wanafunzi wafanye miradi, na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walichagua swali hilo: mtu wa Kasese akisomewa tangazo la tahadhari kwa Kiswahili, ataelewa nini?

Pendekezo la kwanza lilikuwa kwenda sokoni Mpondwe. Lilikuwa na sababu zake: watu ni wengi, nauli ni moja, na kwa asubuhi moja wangejaza hojaji mia tatu. Darasa lote likapiga makofi. Kisha binti mmoja wa mlimani, ambaye si msemaji sana, akanyanyua mkono. "Mwalimu," akasema, "bibi yangu hashuki sokoni. Magoti yake hayamruhusu. Na mafuriko huanzia kwetu."

Nilimwomba arudie kauli hiyo, nikaiandika ubaoni, tukaitumia kipindi kizima. Ni nani wengine wasioshuka sokoni? Wakataja mama mwenye mtoto mchanga, mchungaji wa mbuzi, mlemavu, na mtu aliye shambani mchana kutwa. Kisha wakageuza swali: ni nani aliye sokoni kila mara? Mchuuzi, na mchuuzi wa mpakani asipojua Kiswahili hauzi. Kwa hiyo tungekwenda kuuliza kama watu wanajua Kiswahili mahali ambapo wasiokijua hawana kazi. Hata tungehoji elfu tatu, wingi huo ungetuthibitishia tu jambo la soko. Aina hii ya sampuli, inayochukua walio karibu kwa sababu wako karibu, ina jina lake: sampuli ya urahisi. Haijaharamishwa. Yafaa kwa kujaribu hojaji uone kama maswali yanaeleweka. Haifai kuisemea wilaya.

Wingi umewahi kuwadanganya watu wakubwa kuliko sisi. Nchini Marekani mwaka 1936, gazeti la Literary Digest lilituma kadi za kura ya maoni zipatazo milioni 10, likapokea majibu zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Alf Landon atamshinda Rais Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Majina ya waliotumiwa kadi yalikuwa yamechukuliwa kwa sehemu kubwa katika orodha za wenye simu na wenye magari, tena katika miaka ya dhiki ambapo maskini hakuwa na simu wala gari. Na kati ya walioandikiwa, wengi hawakujibu. Waliojibu hawakuwa na mawazo sawa na walionyamaza. George Gallup, aliyehoji watu wachache mno kwa kulinganisha, alitabiri mshindi sawasawa.

Karibu na kwetu kuna mfano unaonipendeza zaidi, kwa kuwa unaonyesha dawa wala si ugonjwa peke yake. Shirika la Twaweza lilipoanzisha Sauti za Wananchi huko Tanzania Bara mwaka 2013, lilitaka kuwahoji watu kwa simu mara kwa mara. Ukipiga simu kwa wenye simu, umerudi palepale pa mwaka 1936. Wao walichagua kwanza kaya 2,000 kwa njia ya nasibu, wakazitembelea, kisha wakawapa waliochaguliwa simu na chaja za nguvu ya jua. Simu ikamfuata mtu, badala ya mtu kuchaguliwa na simu. Nilipowasimulia wanafunzi, mmoja aliuliza kama nasi tutagawa simu. Tuliangalia mfuko wa mradi, tukacheka.

Tulichoweza kupata ni orodha ya vijiji. Bila orodha hakuna kura ya kupiga, na orodha yoyote ina matobo yake. Wanafunzi waliigawa katika matabaka matatu: vijiji vya mlimani, vya tambarare pamoja na mjini, na vya mpakani na ziwani. Kugawa matabaka namna hii humkinga mtafiti na bahati mbaya. Laiti tungevichanganya vijiji vyote katika mfuko mmoja, ingewezekana kura zote kuangukia tambarare na bibi wa mlimani akasahaulika tena, safari hii kwa haki. Kila tabaka lilipewa idadi ya vijiji kulingana na wingi wa wakazi wake, kisha vikaratasi vikaandikwa, vikakunjwa, vikatiwa katika mfuko wa unga na kutikiswa. Kijiji kimoja kilichotoka kiko mbali sana, njia yake haipiti pikipiki. Wavulana wawili waliomba kirudishwe mfukoni. Darasa likakataa, na nikaona fahari ambayo siwezi kuielezea, maana ukirudisha vijiji vya mbali umekwisha kuchagua vijiji vya karibu.

Lakini tuhoji wangapi? Hapa ndipo wengi huogopa, nami nilimwalika mwalimu mwenzangu wa hisabati atufungulie mlango. Wanafunzi wa vyuo vyetu hutumia sana kanuni ya Taro Yamane. Chukua idadi ya jamii lengwa, izidishe kwa mraba wa kosa unaloweza kulivumilia, ongeza moja, kisha igawe ile idadi ya mwanzo kwa jibu ulilopata. Tuseme shule ina wanafunzi 800 na kosa tunalolivumilia ni asilimia 5, yaani 0.05. Mraba wake ni 0.0025, mara 800 ni 2, ongeza moja ni 3, 800 gawa kwa 3 ni kama 267. Fanya hivyo kwa mji wa watu 10,000 utapata 385. Fanya kwa watu 1,000,000 utapata 400. Tazama tena tarakimu hizo. Jamii imekua mara mia, sampuli imeongezewa watu 15. Darasa lilinyamaza, mpaka mtu mmoja nyuma akanong'ona, "Kijiko cha mpishi."

Kinachokuza sampuli hasa ni usahihi unaoutaka. Kwa makisio ya haraka, kosa ni moja gawa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya wahojiwa. Watu 100 hukupa kosa la asilimia 10 juu au chini. 400 hukupa 5. Ukitaka 1, andaa watu 10,000. Kwa maneno mengine, ukitaka kulipunguza kosa kwa nusu, huna budi kuongeza kazi mara nne. Ndiyo maana mradi wa Afrobarometer, unaopima maoni ya raia katika nchi nyingi za Afrika, kwa kawaida huhoji watu wazima 1,200 au 2,400 katika nchi nzima na kuridhika. Kwa 1,200 kosa lao ni kama asilimia 2.8, kwa 2,400 ni kama 2. Kuvuka hapo gharama hupaa, faida hutambaa. Niruhusu niseme la moyoni: huwa nasikitika nikiona tasnifu zilizonakili 384 au 400 bila mwandishi kujiuliza kama kosa la asilimia 5 linalifaa swali lake. Namba hiyo imekuwa kama sare ya shule, kila mmoja huivaa.

Sisi tulikuwa wanafunzi 40, na fedha za nauli zilitosha siku mbili. Tukakubali watu 120. Hapo ukazuka ubishi mzuri. Kundi moja lilitaka vijiji 6, kila kijiji watu 20, ili kuokoa nauli. Kundi jingine likataka vijiji 20, kila kijiji watu 6. Jumla ni ileile, je, kuna tofauti? Ipo, tena kubwa. Watu wa kijiji kimoja husali pamoja, husikiliza redio moja, na watoto wao husoma shule moja. Ukishamhoji wa sita, yule wa saba hana mengi mapya ya kukuambia. Wahojiwa 20 wa kijiji kimoja wana uzito mdogo kuliko wahojiwa 20 waliotawanyika. Vijiji 20 vikashinda, na kila jozi ya wanafunzi ikapewa kijiji chake. Afrobarometer nao hufanya hivyo: huhoji watu 8 tu katika kila eneo, kisha husonga mbele.

Ndani ya kijiji kaya zilichaguliwa kwa mwendo wa hatua sawa. Kama daftari la mwenyekiti lina kaya 90 na wewe unataka 6, hatua yako ni 15: piga kura upate mahali pa kuanzia kati ya 1 na 15, kisha chukua kila ya kumi na tano. Madaftari hayo mara nyingi huwasahau wapangaji na wageni waliohamia majuzi, kwa hiyo jozi ziliagizwa kwanza kuwaongeza kwa msaada wa wenyeji. Nyumba iliyofungwa haikubadilishwa na ya jirani kabla ya kurudiwa jioni na kesho yake. Sharti hilo liliwachosha miguu, lakini mchana nyumba zilizo wazi ni za wazee na wagonjwa. Jirani aliye nyumbani si badala ya aliye shambani.

Kaya ikishapatikana, bado hujampata mtu. Katika kijiji kimoja, mwenye nyumba aliwakaribisha wanafunzi vizuri, akaketi, akasema, "Katika nyumba hii anayejibu maswali ni mimi." Msichana mwenye hojaji akainamisha kichwa kwa adabu, akamjibu, "Mzee wetu, tumekuja kuchukua sauti moja, na hatukuruhusiwa kuichagua sisi. Tafadhali tushikie kofia, uchanganye wewe mwenyewe." Wakaandika majina ya watu wazima wote wa kaya, mzee akatikisa kofia yake, akatoa kikaratasi. Kilikuwa na jina la mkwewe, mke wa mwanawe mdogo. Mzee alikitazama kwa muda, kisha akamwita. Yule mama alikuwa amelelewa karibu na Mpondwe, akalielewa tangazo la Kiswahili neno kwa neno. Mzee aliyekuwa akisikiliza kando alidaka maneno mawili matatu. Fikiri kama yeye angejibu kwa niaba ya nyumba. Na fikiri pia, kwa upande wa pili, kama wanafunzi wangechagua kijana anayeonekana kusoma. Nyumba ileile, majibu mawili.

Si kila swali huhitaji kura. Tulipotaka kujua matangazo ya Ebola yalivyofikishwa mlimani, tuliwatafuta makusudi wahudumu wa afya wa vijiji waliofanya kazi hiyo. Kuwachagua kwa nasibu kungekuwa kupoteza elimu yao. Hiyo ni sampuli ya kusudio. Na kwa wachuuzi wa Kikongo ambao hawamo katika orodha yoyote, mmoja alitupeleka kwa mwenzake, na mwenzake kwa mwingine. Njia hizo hukupa undani wa jambo. Usizitolee asilimia.

Labda unasubiri nikutajie asilimia zetu. Sitazitaja, na sababu yake ni sehemu ya somo. Kwa watu 120 kosa letu ni kama asilimia 9 juu au chini, na kwa kuwa walihojiwa kwa makundi ya vijiji, kosa la kweli huenda ni kubwa zaidi. Ukiwatenga wanawake wazee wa mlimani peke yao, wanabaki kama 20, na kosa lao linapita asilimia 20. Namba ya namna hiyo ikiingia redioni itasimama kama mwamba, na hakuna atakayekumbuka ilivyokuwa tope. Tulichoweza kusimama nacho ni hiki: pengo kati ya mpakani na mlimani lilikuwa pana kupita kosa lolote tulilokadiria, na tangazo la Kiswahili peke yake lingewaacha nyuma wengi wa wale wanaokaa pale mto unapoanzia. Kwangu mimi, mwalimu wa lugha hii, halikuwa jibu tamu. Niliwaacha waliandike kama lilivyo, wakapendekeza tahadhari zisomwe kwa Kiswahili na Lukonzo pamoja.

Taarifa yao iliwasilishwa kwa viongozi wa kata ndogo. Mmoja aliuliza kwa nini watu 120 tu, ilhali wilaya ina maelfu kwa maelfu. Yule binti wa mlimani ndiye aliyejibu. Hakuanza na kipeuo cha pili. Alianza na mfuko wa unga na namna vijiji vilivyotoka ndani yake, kikiwemo kile cha njia isiyopitika kwa pikipiki. Kiongozi akataka kuuona ule mfuko. Hawakuwa nao, ulikuwa umerudishwa jikoni.

Darasa la mwaka huu linataka kuuliza swali lilelile upya, na sasa hivi wanabishana kama warudi katika kaya zilezile au wapige kura nyingine. Wakirudi kwa walewale wataona nani amebadilika, lakini wengine watakuwa wamehama, na waliohojiwa mara moja huenda wakajibu kama watu waliokwisha kuujua mtihani. Wakipiga kura upya watapata picha ya leo, bila kujua mtu mmoja mmoja amekwenda wapi. Orodha mpya ya vijiji imeombwa tangu mwezi uliopita, na bado tunaingoja.